Mtamba wa Shangazi

Sogeeni, wenye masikio. Asiye nayo akalale.

Walikuwapo dada watatu wa tumbo moja walioolewa nchi tatu, na kila mmoja alirudi na akili ya huko alikoolewa. Minza aliolewa kwa wafugaji, ambako mwanamke mwembamba huulizwa anaumwa nini. Huyo alijua kunenepesha. Holo aliolewa milimani kwa wafua shaba, ambako mke hujulikana kwa mlio wa miguu yake. Huyo alijua kuvika bangili. Kabula aliolewa kwa watu wa mji, wenye adabu zao, ambako mke akilitaja jina la mume ni kama amemvua nguo sokoni. Huyo alijua kunyamazisha.

Kaka yao alikufa akaacha mjane, Nyanzala, na binti mmoja, Limi. Limi alikuwa mkimbiaji, na kicheko chake kilisikika hadi kisimani. Alipochumbiwa na Jilala, mama mtu akaogopa atarudishwa. Desturi ilitaka shangazi mmoja amfunde mwali, kisha ukoo wa bwana harusi umpe shangazi huyo mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Nyanzala, kwa hofu yake, akawaita mawifi wote watatu.

Minza alimfungia ndani akamnywesha maziwa na samli. Mtoto akitapika, anashikishwa kibuyu kingine. "Ukienda na mifupa, watasema kwenu kuna njaa." Limi akanona hata kuinuka mkekani ikawa kazi ya watu wawili.

Holo alimzungushia shaba miguuni, kutoka kifundoni mpaka chini ya goti. Limi akauliza zitavuliwa lini.

"Ukizikwa," akasema Holo, akaendelea kugonga.

Kabula hakuhitaji kibuyu wala nyundo. Alikaa na pilipili. Limi akimtaja Jilala, pilipili mdomoni. Akipaza sauti, pilipili tena. Siku moja Limi aliumwa na nge mkononi. Akautazama mkono, akanyamaza. Kabula akajua kazi imekwisha.

Siku ya harusi, watu wa Jilala waliapa kwamba hawajapata kuona mwali wa namna ile.

Sasa, kwao mwali hasindikizwi hadi kwa mume. Mume hutangulia, mke hufuata, na mume hageuki mpaka afike mlangoni kwa baba yake. Njiani kuna mto. Jilala akavuka. Nyuma yake Limi akateleza katikati ya maji. Mwili ukawa mzito kuinuka, shaba ikavuta miguu, na jina la kuliita likabaki kooni. Chini kidogo alikuwako mwanamke akiloweka mihogo. Alimwona, akadhani bibi harusi anajipoza. Anayezama si hupiga kelele?

Jilala akafika mlangoni, akageuka. Njia ilikuwa tupu.

Msibani, baba yake Jilala alikuja na mtamba. Akasema waliomba mke mkamilifu wakapewa. Kafa hajalitaja jina la mumewe, na desturi ni desturi. Kamba akamwekea Nyanzala mkononi.

Nyanzala akasema, "Aliyemfanya mwanangu vile alivyokuwa, asogee achukue."

Mngedhani watajificha. Wakasogea wote watatu. Minza alisema kwamba bila unene asingetazamwa. Holo alisema shaba ndiyo iliyowatoa watu nje kumshangilia. Kabula akawakumbusha kuwa sifa zote pale msibani zilikuwa za kimya cha Limi.

"Basi nani kamzamisha?" akauliza Nyanzala.

Hapo mikono ikarudi nyuma. Minza akamwonyesha Holo, Holo akamwonyesha Kabula, Kabula akamwonyesha Minza. Halafu, kama waliopatana, wakamgeukia mama wa marehemu.

"Wifi," akasema Kabula kwa upole, "sisi tuliitwa."

Nyanzala akabaki na kamba yake, waombolezaji wanamtazama.

Msiniambie mtamba achinjwe wagawane. Kwa desturi ni wa mtu mmoja. Msiniambie arudishwe, mtamba wa shangazi harudi. Nanyi mnaowaambia binti zenu wavute tumbo na wapunguze sauti, msijifanye mnafukuza mbu. Wewe unayelia, futa machozi haraka unijibu: kamba ile ungemkabidhi nani?