Mguu Uliobaki Lindoni Nyangati

Hapo zamani, katika nchi ya Uzimbe, palikuwa na mtu jina lake Kombo Tindo, askari aliyekwenda vitani na miguu miwili akarudi na mmoja. Mali yake ilikuwa gongo alilolichonga mwenyewe, mkeka, na mkewe Mize. Na huyo Mize ukimuuliza angekwambia yeye si mali ya mtu. Wote wawili walilala ukumbini kwa kaka yake Mize, ambaye kila asubuhi aliuruka mkeka wao akisema, "Shemeji, bado mpo?"

Vita vyenyewe vilikuwa vya kugombea bonde la Nyangati, ambalo mchele wake ukipikwa nyumba ya kwanza, nyumba ya saba wanameza mate. Sultani Madi wa Uzimbe alilitaka, na Jumbe Pandu wa Gongwe, ng'ambo ya mto, alilitaka pia. Wakapigana miezi mitano hata pande zote zikachoka, wazee wakaitwa waamue. Na desturi ya nchi zile ilikuwa hii: ardhi ni ya yule aliyezika watu wake humo.

Basi wazee wakaenda kuhesabu makaburi. Watu wa Gongwe walikuwa wamewabeba maiti wao na kuwazika kwao, hawakuwa na kaburi hata moja bondeni. Watu wa Uzimbe hawakufiwa na mtu, kwa sababu ambazo majemadari wao hawakupenda ziulizwe. Lakini askari ishirini na watatu walikatwa viungo, huyu mkono, yule mguu, na kila kiungo kilioshwa, kikavikwa sanda, kikazikwa. Wazee wakabishana siku mbili, kisha wakahukumu kwamba kiungo cha mtu ni mtu. Bonde likawa la Sultani Madi, "muda wote watakaolala humo hao waliozikwa." Mkataba ukaandikwa hivyo, ukatiwa mihuri miwili.

Sasa, kabla ya vita Sultani alikuwa amesimama barazani akaahidi kwamba atakayeumia kwa ajili yake atapata pishi ya mchele kila Ijumaa na doti ya nguo kila Idi, mpaka afe. Ijumaa zikapita, Idi zikapita, mchele wa Nyangati ukaingia ghalani kwa Sultani, na hapana aliyeonja punje. Hata siku moja kaka yake Mize akasema, "Shemeji, mimi nakupenda, lakini mwezi ukiandama nataka ukumbi wangu."

Kombo akawakusanya wenziwe, wakaenda kwa Sultani, gongo kwa gongo. Mlangoni wakamkuta Waziri Badawi, mshika funguo za ghala.

"Mnataka nini?"

"Posho yetu, Mheshimiwa Waziri. Tuliumia vitani."

"Mashahidi?"

"Hawa wenzangu ishirini na wawili."

"Hao nao wanadai. Mdai hawi shahidi."

"Basi tumwite aliyetukata. Yupo Gongwe, ni mtu mkweli."

"Adui hasadikiwi."

Faki, aliyeacha mkono wake wa kulia vitani, akainua mkono wa kanzu uliokuwa ukining'inia mtupu. "Na hii je, Mheshimiwa?"

"Hiyo ni kanzu," akasema Waziri.

Ikawa kelele. Sultani alikuwa ndani akila pilau, akauliza kuna nini, wakaingizwa. Waziri akaeleza kwamba mwezi uliopita mgema mmoja alianguka mnazini akavunjika mguu, akaja kudai kwamba ni vita. Na kwamba mlango ukifunguliwa kwa hawa, kila mwenye kuchechemea Uzimbe atajiita shujaa.

Sultani akatafuna, akafikiri, akasema, "Kila mtu alete kiungo chake. Kikilingana na mwenyewe, apewe posho. Kisipoletwa, hakukatwa kitu."

Waziri akatabasamu, maana Nyangati ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa mtu mwenye miguu yote. Faki akanong'ona, "Kombo ndugu yangu, tumekwisha." Lakini Kombo akainama hata paji likagusa gongo.

"Maulana, hiyo ni haki tupu. Naomba jambo moja. Amri hii iandikwe, itiwe muhuri, tusije tukashikwa kuwa wezi wa makaburi. Na iandikwe kwamba viungo vyote viletwe, kisibaki hata kimoja, asije mwenzetu akaonewa."

"Mwandikieni," akasema Sultani, akarudi katika sahani yake.

Mize alipoisikia habari hiyo akashika kiuno. "Kombo, umerogwa? Mguu uliokaa mwaka mzima ardhini, ukiuleta utauweka wapi? Ukumbini kwa kaka?"

"Atauruka, kama anavyoturuka sisi."

"Na posho?"

"Nifungie vitafunio, mke wangu. Hiyo posho itatufuata kwa mbio."

Basi wakaondoka watu ishirini na watatu, wenye miguu wakiwabeba wasio nayo, wenye mikono wakiwashikia majembe wasio nayo, wakiimba nyimbo za vita ambazo haziimbiki mbele ya wakwe. Siku ya tano wakafika bondeni, na kabla hawajaketi Jumbe Pandu akavuka mto na watu wake, mkuki mkononi.

"Mnataka nini katika makaburi?"

Kombo akampa waraka. Jumbe akamwamuru karani wake ausome kwa sauti.

"Soma tena hapo pa kisibaki hata kimoja," akasema Jumbe.

Karani akasoma.

"Na muhuri ni wa Madi mwenyewe?"

"Ni wake, Bwana."

Jumbe akautupa mkuki, akamkumbatia Kombo hata akamwangushia gongo. "Mwanangu! Na mkishavitoa, humu hamna tena mtu wa Uzimbe aliyezikwa!"

"Hayo ya bonde sisi hatuyajui, Bwana. Sisi tumetumwa viungo."

Jumbe akachinja ng'ombe. Akaleta majembe mapya, akaleta ngoma, akaleta punda wa kubebea viungo na matandiko ya hariri juu yao. Kisha akaweka watu njiani kuwarudisha wapagazi wa mchele wa Sultani, kwa kuwa mpunga ule sasa ulikuwa karibu kuwa wake. Naye Kombo akala nyama siku nne. Kila asubuhi aliinua jembe, akaligusisha kaburi la mguu wake, akaketi kupumzika.

"Mbona hamchimbi?" akauliza Jumbe.

"Tunachimba, Bwana. Lakini mimi nina mguu mmoja, na Faki ana mkono mmoja. Tukiunganika ndiyo tunakuwa mtu asiyetimia."

Huko Uzimbe, Sultani Madi akaketi kula, akafunua kawa, akakuta muhogo.

"Hiki nini?"

"Muhogo, Maulana," akasema mpishi. "Mchele umezuiwa. Jumbe Pandu asema bonde ni lake, viungo vikishafukuliwa."

"Nani anathubutu kufukua?"

"Kombo Tindo na wenziwe, Maulana. Wana amri yako."

Sultani akaondoka bila kunawa. Akapanda punda, Waziri akapanda punda, na wasimulizi wa Uzimbe huapa kwamba ule mwendo wa siku mbili waliumaliza kwa siku moja. Wakamkuta Kombo juu ya kaburi, jembe mkononi, akizungumza na ardhi. Jumbe alikuwa pembeni akishikilia punda.

"Ewe Kombo, acha!" Sultani akapiga kelele.

"Labeka, Maulana. Siwezi kuacha, amri ina muhuri. Mgumu ni huu mguu. Nauambia tutoke, wanijibu upo zamu, unalinda bonde la Sultani, na ulipowekwa hapa haukuambiwa utaondolewa. Tumebishana tangu asubuhi."

"Uache mguu ulale! Nakusadiki kwamba ulikatwa!"

"Maulana wanisadiki, lakini Mheshimiwa Waziri?"

Sultani akamgeukia Waziri. "Mtazame. Waona nini chini ya goti lile?"

Waziri akatazama. "Sioni kitu, Maulana."

"Hicho ndicho ulichotakiwa kukiona mwaka mzima!"

Wale ishirini na watatu wakacheka hata punda wakashtuka. Sultani akaupasua waraka vipande vinane, akasema, "Rudini makwenu. Posho mtapata mpaka mfe, kama nilivyoahidi."

Watu wakaanza kushangilia, ila Kombo hakuinuka.

"Maulana, mimi nitakufa, nizikwe Uzimbe karibu na mama yangu. Lakini mguu wangu hautatoka zamu siku hiyo. Utabaki hapa, ukimlindia mchele mwanao na mjukuu wako. Je, mguu ulinde mchele wenu, na watu wangu wakae na njaa?"

"Wataka nini basi?"

"Iandikwe kwa maneno ya mkataba wako mwenyewe. Posho iende kwetu, na tukifa iende kwa wajane na watoto, muda wote watakaolala humo hao waliozikwa."

Sultani akayatazama makaburi ishirini na matatu, akamtazama Jumbe Pandu aliyekuwa bado ameshika punda, na akafahamu kwamba hao waliolala hawataamka. Ndipo akacheka. Alicheka hata kilemba kikaanguka, akakiokota akakifuta vumbi, akacheka tena.

"Andikeni! Nimetekwa na mguu!" Kisha akamwambia Waziri, "Nawe Badawi, kila Ijumaa utaipeleka posho hii mlango kwa mlango, kichwani mwako, kwa miguu yako yote miwili, upate kuwajua mashujaa wangu."

Jumbe Pandu akauliza kwa upole kama ng'ombe wake atalipwa. Hapana aliyemsikia.

Ikawa Ijumaa ya kwanza Waziri Badawi akafika na kapu kichwani, jasho likimtiririka, akapima pishi mbele ya Mize, naye Mize akamwambia apime tena. Kabla mwezi haujaandama Kombo na mkewe walikuwa na kibanda chao. Na kila Ijumaa, wali ulipoanza kunukia, kaka yake Mize alipita pale kama kwa bahati tu, akasalimu, akaketi, akasifu hewa. Kombo akanyoosha mguu wake mmoja juu ya mkeka akamwuliza, "Shemeji, bado upo?"

Kisha akampakulia.