Mfyulisi Umechanua

Katika nyumba ya mfano wangu, huko nyanda za juu kwenye baridi, walikuwapo watu hawa. Alikuwapo Eliudi Mgaya, seremala. Alikuwapo mkewe, Zilipa. Alikuwapo binti yao, Orida, aliyekuwa akijifunza cherehani. Na katika chumba cha nyuma alikuwapo mama mzazi wa Eliudi, Nasania binti Kilasi. Jina lake nalitamka zima kwa sababu mle ndani lilikuwa halitamkwi tena. Walimwita Mama au Bibi, basi.

Miguu ilimwishia nguvu mwezi wa sita, baridi ilipokuwa kali. Wakamhamishia chumba hicho kinachopakana na jiko, wakaziba dirisha kwa gunia ili upepo usipite. Eliudi akamwambia, "Vumilia, mama. Mfyulisi ukichanua, ujue jua limerudi. Nitakubeba ukaote nje." Mfyulisi ule, mti wa matunda pale uani, aliupanda mama mwenyewe alipoolewa.

Tangu hapo, kila alipoletewa uji aliuliza, "Umechanua?" Na aliyeleta uji alijibu, "Bado."

Mwezi wa nane ulipokuwa unaisha, mti ukachanua wote, maua matupu, hata kabla ya jani. Asubuhi ile Eliudi alikuwa na milango ya watu ya kumaliza. Mama akauliza. Naye akajibu kama alivyozoea.

"Bado?" mama akasema. "Na hilo lililoganda kwenye buti lako ni nini? Siku hizi unga wa msumeno una rangi ya waridi?"

Eliudi akatazama buti. Lilikuwa ua. Akacheka kwa aibu. "Mama, macho yako hayazeeki. Sasa nikubebe peke yangu nikuangushe? Ngoja nipate mwenzangu wa kushika kiti upande wa pili."

"Lini, baba?"

"Bado kidogo tu."

Adhuhuri akaingia jirani yao, Tabitha, kuomba kaa la moto. Akamsikia mama akikohoa. Akasema, "Mama Orida, tumtoe sisi wawili. Mwenyewe amekuwa mwepesi kama tenga tupu."

Zilipa akajibu, "Bado, dada. Mwenye mama amesema atamtoa mwenyewe. Tukimtangulia tutakuwa tumemwumbua."

Ndugu zangu, lugha yetu ina adabu. Mtu mzima ukimwuliza kama ana watoto, hasemi hapana. Husema bado, hata kama nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Ni neno jema. Lakini mle ndani lilifanya kazi gani? Eliudi angalisema, "Sitakubeba," mama angalilia. Angalimwita Tabitha kwa sauti. Pengine angalitambaa. Hapana ingalimwacha huru. Bado ilimkalisha pale kitandani, kila asubuhi amejifunga kitambaa chake kizuri kichwani, tayari kutoka.

Na sisi je? Hapa tulipoketi, nani hana mtu wa chumba cha nyuma? Nani hajamjibu hivyo wiki hii, kwa upole, sahani mkononi, huku ua limeganda kwenye kiatu chake? Tunadhani tumemwahidi. Tumemfungia mlango, na ufunguo tunao sisi. Hatumchukii, wala Eliudi hakumchukia mama yake. Hilo ndilo linalonikatisha tamaa. Chuki ningejua namna ya kuihubiria.

Nimeutafutia mfano huu mwisho mwingine, sikuupata.

Mtaniuliza kama mama alitolewa nje. Alitolewa. Siku ya Ijumaa walipatikana wanaume sita bila kuitwa, wakambeba kutoka mlangoni hadi chini ya mfyulisi, Eliudi ameshika mbele. Siku hiyo hakuna aliyesema bado. Maua yalikuwa yamekwisha kupukutika.

Nasania binti Kilasi alikuwa amefariki Jumatano asubuhi, uji wake ukiwa bado moto.