Kaa la Moto la Sangiwa

Zamani, zamani ile mlima wetu ulikuwa bado unakua, na mwezi ulikuwa ukishuka kunywa maji pamoja na ng'ombe, palikuwa na mtu. Endeleeni kupukuchua hayo mahindi, wajukuu zangu, masikio hayana kazi nyingine. Kisa hiki sikuhadithiwa. Nilikiona mwenyewe kwa macho haya mawili, na kama ningekuwa na la tatu nalo lingeona. Naetwe, acha kunihesabia miaka. Nilikuwepo. Shule yenyewe niliachia darasa la pili, maana mwalimu aliona nayajua ya zamani kuliko yeye, akaniogopa.

Palikuwa na mtu, jina lake Sangiwa, na kazi yake ilikuwa kuvukuta tanuru la chuma. Enzi zile jembe halikutoka dukani. Wahunzi walichota mchanga mweusi mtoni, wakautia tanuruni na mkaa, wanaume wakavukuta mifuko ya ngozi ya mbuzi, fuu-haa, fuu-haa, toka alfajiri mpaka jua linachoka lenyewe. Hapo ndipo chuma kinatoka. Kwenye chuma majembe, kwenye majembe chakula cha mlima mzima.

Na huyo Sangiwa alikuwa dume. Kuku na vifaranga vyake walilala kifuani kwake na nafasi ikabaki ya jogoo. Akipiga chafya, mbuzi wa ng'ambo walipiga magoti. Akivukuta yeye, fuu-haa, mawingu yalisogea. Wewe Elisante, acha kujipima msuli wa mkono. Najua unanyanyua matofali nyuma ya choo, halafu unamtazama kwenye simu yule jamaa asiye na shati anayefundisha uanaume. Sangiwa angemvuta huyo puani kwa pumzi moja, na simu yake.

Mwaka huo mkuu wa wahunzi, mzee Kajiru, alikuwa amezeeka. Alisema, "Wanangu, nikishafua majembe ya msimu huu, nyundo yangu nampa mwingine." Kila mtu akamtazama Sangiwa, na Sangiwa naye akajitazama. Aliitaka ile nyundo. Aliiota. Alilala amekunja ngumi hivi, kama ameishika.

Sasa sikilizeni desturi. Siku ya kuwasha tanuru, kila mwanamume alikuja na kaa la moto kutoka jikoni kwake, na lazima apewe kwa mkono wa mkewe. Kama hana mke, mkono wa mamaye. Mkeo akiwa na kinyongo na wewe, hakupi. Asipokupa, tanuruni huji, hata uwe na kifua cha ukubwa gani. Ukileta kaa la kuiba, ukikamatwa, unafukuzwa uhunzi mpaka kufa.

Na Sangiwa alikuwa ameharibu nyumbani kwake. Ilikuwa gulioni. Alikuwa anawasimulia watu jinsi alivyombeba fahali akavuka naye mto. Mkewe Nakunda, Mama Mrutu, akasema taratibu, "Alikuwa ndama, Baba Mrutu. Tena ulianguka naye."

Gulio zima likacheka. Sangiwa akasikia masikio yanachemka. Akafoka, "Nyamaza wewe, makande yako hayaivi! Kwenu hawakukufunza kitu." Na mama mkwe ameketi palepale na magimbi yake, anasikia neno kwa neno.

Nakunda alijitwika kapu lake akaondoka. Na siku ya tanuru ilipofika, alichukua mtungi akaenda mtoni, asimwachie mumewe hata salamu.

Sangiwa akasimama jikoni peke yake, limtu lile, anatazama mafiga. Angemfuata mtoni aseme neno moja tu, lakini lile neno lilimwia zito kuliko fahali. Akaangalia mlangoni. Akainama. Akachota kaa mwenyewe, akalitia kwenye kigae, akaenda.

Wakawasha. Fuu-haa, fuu-haa. Tanuru likakohoa. Fuu-haa, likaguna. Fuu-haa, likamtemea Sangiwa majivu usoni, yeye peke yake, wengine hata chembe. Walipolibomoa jioni hawakukuta chuma. Walikuta bonge jeusi kama ugali uliosahauliwa jikoni, ukiligonga linameguka.

Na mvua zilikuwa mlangoni, na majembe ya zamani yalikuwa yamelika mpaka watu wanapalilia kwa kitu kama kijiko.

Mzee Kajiru akauliza, "Wanangu, nani kaleta kaa ambalo hakupewa?"

Kila mmoja akamtazama jirani yake.

"Ni Mbike," mmoja akasema. Mbike alikuwa kijitu chembamba, mchukua mkaa, ukimwangalia kwa ubavu humwoni. "Jana mkewe alisikika mpaka bonde la pili."

"Mke wangu ndivyo anavyoongea," Mbike akasema. "Hata akinisalimia mnamsikia bonde la pili. Kaa kanipa kwa mkono wake, wallahi."

"Anatetemeka, mtazameni."

"Natetemeka kwa sababu mnanishika."

Wakaanza kumvua ngozi yake ya kazi. Mbike akalia, mtu mzima, na watoto wa kulisha, na kazi nyingine haijui. Sangiwa akatazama. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Kunyamaza hakuna uzito, mtoto wa juzi anaweza. Akinyamaza, Mbike anaondoka, nyundo inakuja. Akaitazama nyundo. Akamtazama Mbike. Na yule aliyesogeza mawingu akakosa pumzi ya kusema neno. Akaitafuta. Akaipata chini kabisa.

"Mwacheni," akasema. "Ni mimi. Nimeliiba jikoni kwangu."

Wote wakamgeukia. Mzee Kajiru akasema, "Kwa kuwa umesema mwenyewe, hufukuzwi. Ila nyundo hushiki. Si leo, si kesho, si milele."

"Nimesikia, baba."

"Na tanuruni hurudi mpaka Nakunda akupe kaa."

Akaenda nyumbani. Akapiga magoti jikoni, nyumba ikatikisika. "Mama Mrutu, nisamehe."

Nakunda akaendelea kuchambua maharage. "Uliniaibisha gulioni, msamaha unaniombea jikoni? Asikie nani, kuku?"

Basi siku ya gulio Sangiwa akasimama katikati ya watu, jasho linamtoka kama mfereji. Akasema, "Jamani, makande ya Mama Mrutu yanaiva. Asiyeiva ni mimi. Na mkwe wangu, kwenu mlimfunza vizuri. Na yule hakuwa fahali. Alikuwa ndama."

Mama mkwe akauliza bila kuinua macho kwenye magimbi, "Tena?"

"Tena nilianguka naye, mkwe."

Wakacheka mpaka magimbi yakabingirika mtoni. Nakunda akacheka zaidi ya wote. Kesho yake akampa kaa kwa mkono wake, kubwa, jekundu. Fuu-haa, fuu-haa, chuma kikatoka kama mto wa asali, majembe yakatosha mlima mzima na mengine wakakunia migongo.

Nyundo alipewa Mbike. Eeh, Mbike, aliyeinyanyua kwa mikono miwili na kuomba dua. Na Sangiwa akamvukutia maisha yake yote bila kinyongo, na kila mwenye kijana wa kuoa alimpeleka kwanza akakae na Sangiwa, siyo na mwenye nyundo.

Basi shikeni hili, wanaume wangu. Kifua mtakuza wenyewe, chakula kipo. Lile la kusema "ni mimi" halikui kwa matofali. Kisa kimefika nyumbani, kimevua viatu, kimelala. Aliyesinzia nitamtaja kwa bibi yake.

Nini, Naetwe? Tanuru linajuaje kaa la kuiba?

Haya. Hilo nimetia mimi. Tanuru halijui kitu. Mkaa ulikuwa umelala nje, ukapigwa na umande, basi. Mara ya pili ulikuwa mkavu. Sasa unaniuliza kama alikosa nyundo bure. Mjukuu wangu, habari za umande hakuna aliyezijua siku ile, na Sangiwa naye hakuzijua. Alisimama akiamini njaa ya mlima mzima kaileta yeye. Hapo sikuongeza hata punje.