Mtaa Usiotokea Popote

Mmewahi kuiona hospitali kwa macho, mkashindwa kuifikia kwa miguu?

Hapo zamani, zamani yenyewe ya juzi tu, palikuwa na mji ulioumuka kama unga uliotiwa hamira. Watu walilala wakiwa na mkorosho mmoja dirishani, wakaamka na ghorofa. Kila mwenye kiwanja akazungusha ukuta wake, na kila mtaa ukaenda, ukaenda, ukagota ukutani.

Mchana mmoja Zamda akashikwa na uchungu. Wodi ya wazazi aliiona, paa la buluu likielea juu ya joto kama wingu. Kwa barabara, kilomita tisa. Kunguru angefika kabla hajamaliza kulia. Zamda akasema, "Atakayenifikisha ndiye atakayempa mtoto jina."

Akaja jirani yake Kilian, digrii ya Urban Planning imelala sandukuni mwaka wa nne. "Dada, nifuate. Kwenye ramani ya zamani hapa pana njia. Niliichora mwenyewe chuoni, I swear." Wakaenda, wakaenda, wakagota ukutani.

Akaja Nyangasa, fundi uashi. "Ukuta huu nimeujenga mimi. Simenti walinipunja, najua palipo dhaifu." Akapiga nyundo. Matofali yakaanguka taratibu, Zamda akayaona kama mikate inayomeguka. Wakapita, wakaenda, wakagota kwenye nyumba ya Bi Mwanjaa.

Bi Mwanjaa alikuwa amekaa eda ya mumewe, mwezi wa pili. Mwanamume asiye ndugu haingii. Akajifunika kanga gubigubi, akafungua mlango wa mbele na wa nyuma. "Piteni humu humu chumbani. Mungu ananiona." Zamda akapita katikati ya moshi wa udi kama anayetembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Upande wa pili, wodi.

Mtoto wa kike akalia. Ubishi ukaanza pale pale uani mwa wodi, chini ya dirisha la Bi Mwanjaa.

"Bila mimi mngeanzia wapi?" akauliza Kilian.

"Digrii yako imebomoa tofali lipi, msomi?" akacheka Nyangasa.

"Na ukuta aliujenga nani, fundi wee?" Bi Mwanjaa akadakia kutoka ndani. "Wewe umevunja tofali. Mimi nimevunja staha ya marehemu wangu. Hiyo haizibwi kwa simenti!"

Zamda akawasikiliza wote watatu, mtoto kifuani.

Je, nani alistahili kumpa mtoto jina? Semeni ninyi.

Ila ninyi wa ofisi za ardhi, mliogonga mihuri kwenye hati za viwanja visivyo na njia, msijibu. Fungueni mitaa, leo, kabla mama mwingine hajashikwa na uchungu.