Maziwa Mabichi ya Baba Mkwe

"Hata ya mkwe huchemshwa." Mmemsikia mhudumu wa josho akimwambia hivyo yule bwana aliyetaka ndama wake wapite bila chanjo, eti kwa kuwa ni wa nyumbani kwa mwenyekiti. Yeye amenuna, ninyi mmecheka, kisha mkaja kuniuliza mimi kinachochemshwa ni nini. Foleni bado ni ndefu na ng'ombe wenu wako nyuma kabisa, basi kaeni hapa kwenye ukuta niwaeleze.

Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Mlimbila alikuwapo kijana mmoja aitwaye Masaka, mfugaji wa ng'ombe sita na mbuzi ambao idadi yao haikujulikana vizuri, kwa sababu walipenda kulala kwa jirani. Masaka alikuwa mchapakazi, mtu wa maneno machache, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alimwogopa baba mkwe wake. Alikuwa amemwoa Nyemo, binti wa Mzee Sogoda wa kijiji cha Sunguvi, na Mzee Sogoda alikuwa wa kuogopwa kweli. Kabla ya kukubali posa alimzungusha kijana wa watu miezi minane, leo njoo, kesho rudi, mpaka viatu vikamtoboka. Siku aliyokubali alimwambia hivi: "Binti yangu nakupa mzima. Nikiona nyumba yako haina heri, nitakuja kumchukua."

Maneno hayo yalimkaa Masaka kifuani. Kila alipomwona Nyemo akifagia uwanja huku akiimba, alifurahi na kuogopa kwa pamoja.

Sasa, watu wa Mlimbila walikuwa na desturi yao. Mkwe akija kukutembelea, humpi chai wala uji. Unachukua kibuyu, unaingia zizini, unamkamua ng'ombe aliye bora kuliko wote, na unamletea mkwe maziwa yakiwa na joto la kiwele, povu limesimama mdomoni mwa kibuyu. Maziwa ya kuchemsha yalikuwa ya watoto, ya wagonjwa, na ya wageni ambao hukumbuki wamekuja kwa nani. Ukimpa mkwe maziwa yaliyopita motoni, umemhesabu pamoja na hao. Wapo waliokosana kwa jambo hilo, wakazikana bila kusalimiana.

Ng'ombe bora wa Masaka aliitwa Madoa. Alimnunua mnadani muda mfupi baada ya arusi, akiwa na mimba kubwa. Wiki chache baadaye mimba ile ikatoka, ndama akazaliwa mfu, na mbwa wakamaliza mzoga kabla mwenyewe hajaamua la kuufanyia. Masaka alisikitika, lakini maziwa yalishuka vilevile, mengi na mazito kuliko ya ng'ombe wengine wote. Akajiambia kwamba ni safari ndefu ya kutoka mnadani iliyomchosha mnyama. Hakumwuliza mtu, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

La pili alilifanya kwa mapenzi. Mzee Sogoda alipokuja kumwona binti yake, Masaka alimkamulia Madoa. Mzee akanywa kibuyu kizima, akafuta povu kwenye masharubu, akasema, "Si mabaya." Kutoka kinywani mwa Mzee Sogoda hiyo ilikuwa sifa kubwa, na Masaka alitembea wiki nzima akitabasamu peke yake. Yeye na mkewe hawakuyanywa hivyo. Nyemo alipenda chai nzito ya maziwa, iliyochemka na tangawizi mpaka ikabadilika rangi, na Masaka alipenda kila alichokipenda Nyemo.

Mzee akazoea kuja. Alikuja mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila mara kibuyu kilimsubiri. Kisha akaanza kuugua. Jioni homa ilimpanda, usiku alitoka jasho la kulowesha godoro, asubuhi akaamka mzima kama hakuna kilichotokea. Baada ya siku kadhaa homa ikarudi tena, safari hii na kiuno na magoti. Akameza dawa za malaria. Akanywa mizizi ya kila aina aliyoletewa. Alipopata nafuu alikuja kwa mkwe wake kupumzika, akanywa maziwa ili apate nguvu, na akarudi Sunguvi akaugua upya.

Watu hawakosi la kusema. Wakaanza kunong'ona kwamba mzee huugua kila akitoka kwa mkwewe, wakati kule kwa mkwewe wote ni wazima na wananawiri. Miezi minane ya kuzungushwa, walisema, kijana hajaisahau. Maneno yakamfikia Mzee Sogoda, naye akiwa amekonda na amechoka kuugua, akayaamini.

Alikuja siku ya Jumanne, bila kutuma taarifa, akiwa na mkewe na wazee wawili wa Sunguvi. Hakukubali kuingia ndani. Alikaa kwenye kigoda uwanjani, mkono mmoja kiunoni.

"Masaka, nimekuja na wazee hawa wawe mashahidi. Kila nikija kwako naugua. Wewe huugui. Nyemo haugui. Hata paka wenu amenenepa. Ni ugonjwa gani huu unaochagua mgeni?"

Masaka alimtazama Nyemo aliyesimama mlangoni. Swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe mara nyingi, na jibu hakulipata.

"Binti yangu, funga mizigo yako," alisema mzee.

"Baba, mimi siondoki."

"Sikukuuliza kama unaondoka. Nimekwambia ufunge mizigo."

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimamisha pikipiki kando ya zizi, na deli la chanjo, lile sanduku la barafu, limefungwa nyuma. Huyo alikuwa Bi. Edina, afisa mifugo wa kata, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuchanja mbuzi. Alikuwa amesikia ya kutosha. Akapiga goti kidogo kuwaamkia wazee.

"Shikamooni wazee wangu. Mimi nimefuata mbuzi, sikufuata kesi. Lakini baba, hilo swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Tuseme kweli ugonjwa umechagua mgeni. Je, mgeni anapewa nini ambacho wenyeji hawapewi?"

"Napewa wanachokula wao," alisema Mzee Sogoda. "Ugali, mlenda, nyama ikiwapo. Tunakula sahani moja."

"Na hiyo homa inakuja wakati gani?"

"Jioni. Asubuhi imekwisha."

"Kiuno?"

"Kiuno na magoti. Umejuaje?"

"Malaria umepima?"

"Mara nne. Mara zote wanasema hamna, nami nameza dawa hivyohivyo."

Bi. Edina alitikisa kichwa. "Na kunywa, baba? Ukija hapa unakunywa nini?"

"Maziwa."

"Na ninyi wenye nyumba?"

"Sisi tunakunywa chai," alijibu Nyemo. "Ya maziwa. Nayaacha yapande mara mbili, ndipo natia majani."

"Na paka?" aliuliza mzee mmoja wa Sunguvi, ambaye hakupenda jambo lolote libaki bila kuchunguzwa.

"Paka anakula panya."

"Haya," alisema Bi. Edina. "Maziwa ya baba nayo yanapanda mara ngapi?"

Watu wote wakamgeukia Masaka. Alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Ya baba hayaguswi na moto," alisema kwa sauti ya chini. "Baba ni mkwe."

Bi. Edina akaomba kuonyeshwa ng'ombe wa mkwe. Aliuliza kama amewahi kutupa mimba, na Masaka akamweleza habari ya ndama mfu yote, mpaka mbwa. Basi akachukua maziwa kidogo ya Madoa na ya ng'ombe wengine wawili waliokuwa wakikamuliwa, akayatia katika vichupa vitatu, akadondoshea dawa ya rangi ya buluu kutoka kwenye deli, akaviweka vichupa katika bakuli la maji ya vuguvugu. Akasema wasubiri saa moja. Katika saa hiyo alichanja mbuzi, wazee wakanywa chai, na Mzee Sogoda akakataa chai. Masaka hakukaa wala hakusimama. Alizunguka lile bakuli kama kuku mwenye mayai.

Saa ilipotimia, vichupa viwili vilikuwa vya buluu nyepesi toka juu hadi chini. Cha Madoa kilikuwa na pete ya buluu juu, kwenye mafuta, na chini yake maziwa meupe.

"Hiyo pete ndiyo inayosema," alieleza Bi. Edina. "Ni ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima, lakini vijidudu vinapita kwenye maziwa na kumwingia mtu, navyo vinaleta homa kama hii yako, baba. Moto unaviua. Ndiyo maana wanywa chai ni wazima. Nitachukua na damu ya ng'ombe nipeleke maabara tuhakikishe, na wewe nenda hospitali ya wilaya wapime yako. Usiwaambie malaria. Waambie ulikunywa maziwa mabichi."

Mzee Sogoda alikiinua kichupa kwenye mwanga. "Kwa hiyo hakuniloga?"

"Hapana, baba. Alikuheshimu kupita kiasi."

Mama mkwe alicheka kwanza, akajifunika mdomo kwa khanga. Wazee wawili wakafuata. Masaka peke yake hakucheka, maana alikuwa akifikiria kibuyu kimoja baada ya kingine, jinsi alivyokibeba kwa mikono miwili na kuinama, na aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga. Mzee hakuomba radhi, kwa kuwa hakuwahi kujifunza namna yake. Alisema tu, "Nyemo abaki kwanza. Tutaona majibu."

Majibu yalikuwa yaleyale. Mzee akapewa vidonge vya wiki sita na sindano juu yake, na mkewe akahakikisha hakuacha hata siku moja aliyojisikia mzima. Madoa aliondolewa zizini kwa maelekezo ya Bi. Edina, ng'ombe waliobaki wakapimwa wote na kukutwa salama, ndama wakachanjwa. Masaka akafundishwa kwamba mnyama mgeni hutengwa na kupimwa kabla ya kuingia zizini, na kwamba ndama aliyetoka mfu hashikwi kwa mikono mitupu wala haachiwi mbwa. Anafukiwa shimo refu.

Miezi miwili baadaye Mzee Sogoda alituma taarifa: Jumamosi nakuja.

Hapo ndipo Masaka alipopata homa yake mwenyewe. Majirani walimjia mmoja mmoja na ushauri. Ng'ombe wako wamepimwa, walimwambia, ni wazima. Mpe mzee heshima yake kama zamani, usimkumbushe yaliyopita. Ukimpa ya kuchemsha, atasema umemweka kundi la wagonjwa, na safari hii hatakuja na wazee wawili, atakuja na gari la kubebea mizigo. Bi. Edina yeye alikuwa amesema jambo moja tu: kipimo cha leo hakisemi ya kesho, chemsheni yote.

Jumamosi ikafika, na mzee akafika. Alikuwa amenenepa kidogo. Akaketi kwenye kigoda. Majirani watatu walikuwa ng'ambo ya ua wakitafuta kuku mmoja aliyepotea, na hakuna aliyeinama kumtafuta.

Masaka alitoka zizini na kibuyu, povu limesimama mdomoni. Kulia alikaa baba mkwe wake. Kushoto moshi ulitoka jikoni. Alisimama hapo katikati, na akajua kwamba akikosea, jioni hiyo Nyemo hayupo. Kisha akakumbuka shati la mzee lilivyokuwa likining'inia mabegani siku ile ya Jumanne. Akageuka kushoto.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, akayamimina maziwa kwenye sufuria mbele ya macho ya wote. Hakumwachia Nyemo. Alichutama mwenyewe mafigani, akayasubiri yakapanda, akayashusha, akayarudisha yakapanda tena. Akaosha kikombe kwa maji ya moto, akajaza, akakibeba kwa mikono miwili hadi kwenye kigoda.

Mzee Sogoda aliangalia ndani ya kikombe. "Haya yamepita motoni."

"Ndiyo, baba."

"Na ng'ombe wako niliambiwa wamepimwa."

"Wamepimwa, baba. Ni wazima."

"Na bado ukachemsha. Ya mkwe wako."

"Hata ya mkwe huchemshwa, baba."

Ng'ambo ya ua hata kuku aliyepotea alisahaulika. Mzee alipuliza maziwa, akanywa funda moja, akaungua mdomo, akanywa la pili. Akafuta masharubu polepole.

"Miezi yote ile ulikuwa unaniogopa," alisema, "na woga wako ulikaribia kuniua. Leo ndiyo mara ya kwanza umeniheshimu." Akakinyoosha kikombe kitupu. "Ongeza."

Masaka akarudi jikoni akikimbia. Humo sasa alimkuta Nyemo amekaa kwenye gunia la mkaa, anacheka na kulia, na ile mizigo aliyokuwa ameifunga tangu alfajiri kwa hofu ameshaanza kuifungua.

Majirani ndio walioyabeba maneno yale. Kwanza walimtania nayo Masaka, halafu wakaanza kuyatumia wenyewe. Aliyeona cheo chake kinamwepusha na kipimo, aliyetaka rafiki asinawe mikono kabla ya kumshika mtoto mchanga, aliyesema huyu ni wetu hana haja ya kuchunguzwa, waliambiwa maneno hayo bila hasira, na kikombe cha maziwa ya moto wakapewa juu yake. Maana anayekupenda hakuepushi na moto unaokulinda, hata kama anakuogopa, hata kama atagombana na wewe. Hata ya mkwe huchemshwa.