Utulivu wa Saizi ya Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na kelele!
Basi nyamazeni niwasimulie.

Hapo kale palikuwa na bwawa. Vyura kro-kro-kro, kanga che-che-che, nyani wakigombana tangu alfajiri, na Punda akicheka peke yake. Ndani ya bwawa hilo aliishi Kiboko, na Kiboko alitaka kulala.

Siku moja akatoka majini, maji yakimchuruzika mwili mzima. "Nataka utulivu! Kunyweni kimyakimya!"

Nyani akanywa kimya. Kanga akanywa kimya. Punda naye akanywa kimya, kisha akashikwa na kwikwi. Hik!

Kiboko akawafukuza wote, pu-pu-pu, bwawa zima likawa lake. Akafumba macho. Akasikia hooo, hooo, hooo.

"Nani huyo anapumua?"

Alikuwa yeye mwenyewe.

Ukingoni alibaki Bi Konokono tu, maana mbio hakujaliwa. Alikuwa amejikunja ndani ya gamba lake, moyo du-du-du. Akitoka, jua litamkausha. Akibaki, Kiboko atamkanyaga. Alikuwa bado anawaza afe kifo kipi, Kiboko akamwona.

"We Konokono! Mbona umetulia hivyo?"

Konokono akachungulia kwa jicho moja. "Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Huo utulivu umeupata wapi?"

Utulivu wenyewe Konokono hakuwa nao hata chembe. Lakini aliona mguu umeinuliwa juu yake, mnene kama kinu, akasema, "Uko humu ndani, bwana, nyumbani kwangu."

"Nipe!"

"Huu mdogo, utakubana. Wa saizi yako uko kule kilimani, kwenye ule mtungi mkubwa walioutelekeza wapika pombe. Wewe ingiza kichwa tu, mengine yatakuja yenyewe."

Kiboko akapanda kilima, pu-pu-pu. Akaingiza kichwa. Nyaka! Kikanasa.

"Humu mna mtu!" akanguruma.

"Mtu-mtu-mtu!" mtungi ukamjibu.

"Nyamaza!"

"Maza-maza-maza!"

Kule chini Konokono akavuta pumzi zote alizokuwa nazo, akapaza sauti: "Usikubali, bwana! Mfukuze, kama ulivyotufukuza sisi!"

Kiboko akamfukuza. Akateremka upande wa pili wa kilima, pu-pu-pu, na kila alikokwenda, yule mtu alikuwa ameshafika. Alivuka mto, akavuka na wa pili, akatokomea huko akigombana.

Wanyama wakarudi mbio, koo zimewakauka. Wakanywa, wakapigana vikumbo, wakatukanana kwa furaha. Punda, aliyekuwa amesikia yote kutoka kichakani, akamwinamia Konokono. "Bi Konokono, hik! Nami nifundishe huo utulivu wako."

"Utulivu gani, Punda wewe? Mimi nilikuwa nakufa kwa woga!"

Kisha akajitosa kwenye tope la baridi. Vyura wakamwimbia kro-kro-kro juu ya kichwa, kanga wakamkanyaga mgongoni, nyani wakamwangukia. Akalala fofofo.

Ngano yangu nimeitua hapo. Anayeitaka ajitwike, asiyeitaka aipishe njia.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mwombeni Mungu awajalie kichwa kikubwa. Kichwa kidogo kingechomoka mtungini, na Kiboko wa watu angekosa utulivu mpaka leo.