Mama Pimbi na Harusi Isiyo na Moshi

Wa nyuma mnanisikia?
— Twakusikia.
Na wa mbele mmelala?
— Tu macho.
Basi, paukwa!
— Pakawa, tia maneno!

Palikuwa na Mama Pimbi. Aliishi na wanawe kwenye jabali kubwa, na juu ya jabali hilo ukasimamishwa mnara wa simu. Mnara ukasimama, Mama Pimbi akanuna. Wanyama wote wakapata simu; yeye hakutaka hata kuishika. Si ushamba. Zamani kidogo macho yalimuuma, akasomewa dawa ya mtandaoni: twanga pilipili, paka machoni. Akapaka. Alilia mpaka majirani wakadhani pana msiba.

"Mtandao ni mdomo usio na mwenyewe," alimwambia shoga yake Kanga, ambaye simu yake ililala chini ya bawa.

"Shoga, hata sokoni kuna waongo, na bado tunanunua chumvi," Kanga alimjibu.

Kiangazi kikaingia. Vidimbwi vikakauka. Kikabaki kisima kimoja bondeni, na kisimani akakaa Fisi, taya kama mtego, tumbo kama gunia lisilo na chini.

"Nimezunguka nchi nzima kwa miguu yangu," alisema Fisi. "Mito yote imekauka. Maji ni haya tu. Weka, unywe."

Akaja Kanga, akaweka yai. Fisi akalimeza, gub! Kanga akanywa. Akaja Nungunungu, akaweka mfupa. Fisi akautafuna, kwacha kwacha! Nungunungu akanywa. Akaja Mama Pimbi, akaweka panya mfu aliyemwokota njiani. Fisi akammeza na mkia wake. Mama Pimbi akanywa, akawabebea wanawe kidogo mashavuni.

Asubuhi moja Fisi akajilamba midomo. "Mayai yamenichosha, mifupa imenichosha. Kesho kila nyumba ilete mtoto. Asiyeleta, afe na kiu yake."

Mama Pimbi akarudi nyumbani. Alipanda jabali, akawatazama wanawe wakisukumana kivulini, midomo imewakauka. Kisha akashuka moja kwa moja hadi kwa Kanga.

"Shoga, hiyo simu yako inauliza?"

"Wewe si uliapa?"

"Niliapa kutopaka pilipili. Kuuliza sikuapa."

Kanga akacheka mpaka manyoya yakamsimama, akaandika kama alivyoambiwa: "Enyi wa mbali, mimi Pimbi wa Jabalini. Huko kwenu maji yapo?"

Ting! Mmoja akajibu kwa matusi. Ting! Mwingine alikuwa anauza dawa ya kurefusha mkia. Ting! Mwingine akasema, watumie wenzako ujumbe huu upate baraka.

"Unaona mambo yenyewe?" akasema Mama Pimbi.

"Ngoja. Wenye akili huwa hawana haraka."

Ting! "Dada, mimi ni Pimbi wa Ng'ambo, nyuma ya vilima vya mashariki. Mto wetu haujakauka. Njooni." Na picha ya mto juu yake.

Moyo wa Mama Pimbi ukaruka, lakini macho yake yakakumbuka. "Picha inaweza kuwa ya masika. Mwambie amtafute chura, aimbe jina langu nisikie."

Kanga akaandika. Halafu simu ikasema: "Mama Pimbi, kroo! Wa Jabalini, kroo, kroo!" Na nyuma ya sauti ile maji yalikuwa yanapita, chororo, chororo.

Chura haimbi vumbini. Mama Pimbi akanyoosha mkono, akaishika simu.

"Tunakwenda," alisema.

"Njia inapita kisimani. Fisi atatumaliza kabla ya kona."

"Fisi naye ana simu?"

"Anayo. Yumo kwenye kila kundi la harusi. Anasoma, hajibu, hachangi, na siku ya kula yuko mstari wa mbele."

Mama Pimbi akakuna sikio. "Basi tumwoze mtu."

Kanga akafungua kundi: Kamati ya Harusi ya Binti Nyati. Nyati hakuwa na binti, lakini alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu, naye hakutaka aliwe na Fisi, akakubali. Wakaingizwa Swala na Nungunungu. Akaingizwa na Fisi.

"Nimetoa mchele," akaandika Swala.

"Nimetoa kuni," akaandika Nungunungu.

"Mbuzi wanachinjwa sasa hivi, kule magharibi penye mchanga mwekundu," akaandika Kanga. "Asiyechangia asije."

Mama Pimbi akaenda kisimani, akainama.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Nimekuja kukusihi usiende kwenye ile harusi."

"Nani kakwambia naenda?" Udenda ulikuwa unamchuruzika.

"Hakuna. Ila wamesema usipewe hata utumbo."

"Kina nani hao?"

"Mimi sisemi, mzee wangu. Wewe kaa ulinde maji yako."

Fisi akatazama kisima, akatazama simu. Maji hayakimbii, akajiambia, nyama ndiyo hukimbia. Akaondoka, tifu tifu tifu.

Akafika penye mchanga mwekundu. Hakuna moshi. Ting! "Ukumbi umehamishwa, sasa ni nyuma ya kilima." Tifu tifu tifu. Akafika nyuma ya kilima. Hakuna moshi. Ting! "Samahani wajumbe, jua ni kali, tumesogea kwenye miiba." Tifu tifu tifu. Kuuliza hakuweza. Angeuliza, naye angeulizwa mchango wake.

Huku nyuma wanyama walikunywa wakashiba, wakashika njia ya mashariki, watoto katikati, wakubwa kandokando. Simu aliibeba Mama Pimbi. "Mkiona jiwe lililopasuka, kateni kulia," alisema Pimbi wa Ng'ambo. Wakakata kulia. "Hapo msipumzike, pana siafu." Hawakupumzika. Watoto walipokaa chini na kukataa kuinuka, Mama Pimbi aliwawekea sauti ya chura, kroo kroo, wakainuka.

Wakafika. Mto ulikuwapo kweli, na Pimbi wa Ng'ambo alikuwa amesimama juu ya jiwe.

"Kumbe u mfupi hivi," akasema Mama Pimbi.

"Na wewe kwa sauti nilidhani ni Nyati."

Wakakumbatiana. Watoto walikwisha kutumbukia, chubwi!

Mama Pimbi akakaa ukingoni, akawaza. Mdomo uliomchoma macho ndio huo huo uliomleta majini. Safari hii aliuhoji kwanza.

Ting! Fisi, kwa mara ya kwanza tangu awe na simu, alikuwa ameandika: "Wajumbe, nimefika kwenye miiba. Mbona sioni sufuria?"

Kanga akataka kujibu. Mama Pimbi akamzuia. Akabonyeza mwenyewe, herufi moja, kisha nyingine, ulimi nje kwa bidii, mpaka yakatimia maandishi yake ya kwanza:

"Tunapokea michango kwanza."

Hadithi yangu imefika mtoni. Mwenye kiu na ainame, aliyeshiba anipishe.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mtandao ni kitu kibaya sana, hupotosha watu wazima na kuwapotezea muda. Mkiwa na shaka msiniulize mimi. Mwulizeni Fisi.